Mama Aamkaye Usiku wa Manane

Somo: Isaya 49:14–15



Katika Japani ya zamani, usiku na mchana viligawanywa katika saa kumi na mbili, kila saa ikiwa na mnyama wake. Usiku wa manane ulikuwa Saa ya Panya. Mchoraji Kitagawa Utamaro, aliyefariki mwaka 1806, alichora mfululizo wa picha za wanawake katika saa hizo. Sifa yake kubwa ilikuwa kuchora warembo. Hata hivyo, kwa Saa ya Panya alimchora mama aliyekatizwa usingizi, anatoka ndani ya chandarua, na mtoto wake anafikicha macho.

Picha za namna hii zilichongwa kwenye mbao, zikapigwa chapa nakala nyingi na kuuzwa madukani mjini Edo, ambao leo ni Tokyo. Kazi inayofanyika gizani, wengine wakikoroma, ikawekwa mbele ya macho ya wapita njia.

Utamaro alimchora pia Yamauba, mwanamke wa milimani ambaye hadithi za kale zilimsimulia kuwa zimwi mla watu. Katika picha zake, Yamauba, nywele timtim, anamnyonyesha Kintarō, mtoto mwenye nguvu za ajabu. Anayeogopwa na wote ndiye kimbilio la mtoto huyo.

Katika somo letu pia tunamkuta mama. Waisraeli walipokuwa uhamishoni Babeli, Sayuni ililia kwamba Bwana ameisahau. Mungu angeweza kuwajibu kwa kuwakumbusha farasi wa Farao waliozama baharini. Badala yake, kwa kinywa cha Isaya alitaja mama na mtoto anyonyaye, akaahidi kwamba kumbukumbu yake inapita hata ya mama huyo. Alipotaka kueleza uaminifu wake, alichagua kazi tunayoiona ndogo kuliko zote.

Basi tusiidharau. Baba, mtoto akilia usiku huu, amka wewe. Wanajumuiya, yupo jirani aliyejifungua karibuni: mpelekeeni uji, mfulieni nguo, mshikieni mtoto ili mama apate kulala. Nawe mama unayesinzia katikati ya sala, usijihukumu. Mungu aliyejifananisha nawe anaujua uchovu wako, na hajakusahau.