Aliyenyimwa Zabuni Anadai Nini?

Husemwa kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii ni njema uwanjani, na yafaa kufundishwa watoto. Lakini siku hizi twaisikia ikitumiwa mahali pasipo pake. Mkandarasi ameomba kazi ya serikali, tuseme kujenga zahanati au kutengeneza madawati. Amenyimwa, naye ameamua kulalamika. Mara majirani, hata jamaa zake mwenyewe, wamwambia: "Nyamaza, bwana. Umeshindwa, ngoja zamu yako." Neno hilo "zamu" latutisha, kwa maana kazi ya serikali si karanga za kugawana barazani. Wachezaji wakishindwa, hasara ni yao. Fedha za zahanati ni za wagonjwa, ambao hawakuwamo uwanjani kabisa.

Basi na tuulize: huyu aliyenyimwa anadai nini hasa? Kazi yenyewe si yake. Watu 10 wakileta zabuni, 9 watarudi mikono mitupu, wala hawakudhulumiwa kwa kukosa tu. Lakini tangu saa ile alipoikabidhi bahasha yake alikuwa na haki moja: kupimwa kwa mizani ile ile waliyopimiwa wenzake, na kwa masharti yale yale yaliyotangazwa. Wakenya wameliandika jambo hili katika Katiba yao ya mwaka 2010, kifungu cha 227: ununuzi wa serikali uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na wa gharama nafuu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alikwisha kulipa jina kosa lililo kinyume cha hayo: kupendelea watu. Ukimpa mtu ualimu kwa sababu ana elimu ya kutosha, alisema, umetazama jambo lipasalo. Ukimpa kwa sababu yeye ni fulani tu, umetazama uso wake.

Haki hiyo ingekuwa maneno matupu kama aliyenyimwa asingejulishwa mapema. Nchini Austria, mwaka 1996, wizara moja ilitoa kazi ya mitambo ya barabara kuu, ikatia sahihi mkataba siku ile ile ya kuamua, tarehe 5 Septemba. Waombaji wengine walipata habari magazetini! Walipokwenda kushtaki, mkataba ulikuwa umekwisha kufungwa. Shauri lilifika hata mahakama ya Jumuiya ya Ulaya huko Luxembourg, nayo ikaamua tarehe 28 Oktoba 1999 kwamba uamuzi wa kumchagua mshindi lazima uweze kupingwa kabla mkataba haujafungwa. Hekima hiyo imo pia katika sheria ya Kenya ya mwaka 2015: walioshindwa hupewa barua yenye sababu, mkataba hautiwi sahihi mpaka zipite siku 14, na katika siku hizo mwenye manung'uniko aweza kuyapeleka mbele ya bodi maalum, ambayo hupewa siku 21 kuamua. Tanzania nayo inayo Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, na sheria yake mpya ya ununuzi ni ya mwaka 2023.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikiri. Mlango wa bodi ile ya Kenya haukufunguliwa kwa kila mtu. Anayeingia ni yule aliyeshiriki katika zabuni, naye adai kwamba amepata hasara, au yu hatarini kuipata, kwa sababu sheria imevunjwa. Mama mjamzito atakayejifungulia katika zahanati ile hana njia ya kupita hapo, ijapokuwa nyufa za ukuta zitakuwa zake. Yule aliyeshindwa ndiye aliyehudhuria bahasha zikifunguliwa na bei zikisomwa kwa sauti. Ndiye ajuaye saruji hugharimu kiasi gani, na bei ipi haiwezekani bila kupunja. Akilalamika kwa haki, asema kwa niaba ya wengi wasioweza kusema.

Kwa hiyo lalamiko lake si mali yake peke yake. Twalisema hili kwa sababu iko biashara iliyofichika, ambayo wafanyabiashara wengine huiona kuwa busara. Mshindi humwendea mlalamikaji usiku na bahasha ya namna nyingine: "Chukua hiki kifuta jasho, uondoe shauri lako." Naye hujitetea: nimetumia fedha kuandaa zabuni, nimewalipa wahandisi, watoto wanadaiwa karo; nikilipwa gharama zangu, nimemwibia nani? Uchungu wake twauelewa. Lakini na atazame atakayelipa. Mshindi hatatoa fedha hizo katika pato lake. Atazitoa katika nondo na saruji. Tena, kama lalamiko lilikuwa la kweli, ameuza ushahidi. Kama lilikuwa la uongo, amewatoza wenziwe kwa vitisho. Hatuoni njia ya tatu.

Lalamiko la uongo lina ubaya wake hata pasipo kuuzwa. Bodi siku 21, Mahakama Kuu 45, Mahakama ya Rufani 45: hizo ni siku 111 za kuamua tu, bila kuhesabu siku za kukata rufani. Mtu ajuaye moyoni kwamba hana hoja, akazitumia siku hizo ili kumchosha mshindi, amewaweka wagonjwa chini ya mti kwa miezi mitatu na zaidi. Sheria ile ya Kenya yaruhusu bodi kulitupa lalamiko la namna hiyo na kumtoza gharama. Na iwe hivyo.

Lakini tusiwe wepesi kuwashuku walalamikaji, maana wapo wengi zaidi wasiothubutu kulalamika. Fundi mwenye kampuni ndogo mjini ahofu kwamba akimpinga afisa mwaka huu, mwaka ujao bahasha yake haitasomwa kwa moyo mweupe. Kwa afisa wa namna hiyo, Mtakatifu Tomaso ana neno zito. Akizungumza juu ya vyeo vya Kanisa vyenye pato, alisema kwamba amzuiaye mtu anayefaa asipate cheo, kwa chuki au kisasi, ana deni la kumfidia, ingawa si kwa thamani yote, kwa kuwa yule alikuwa hajakipata bado. Ikiwa alikwisha kupewa, akanyang'anywa kwa hila, deni ni la thamani yote, kadiri ya uwezo wa mdaiwa. Tena aliongeza kwamba aliyemzuia mtu kwa haki, ili apewe anayefaa zaidi, hadaiwi chochote.

Afisa wa namna hii ya mwisho hana sababu ya kuogopa kuandika barua iliyo kamili. Na aseme ni sharti gani halikutimizwa, ni karatasi gani haikuonekana, mshindi ni nani na bei yake ni ipi. Kisha aitume siku ile ile anayompelekea mshindi yake.