Ua Mkononi mwa Mgeni



Mwaka 2017 nilikwenda Sri Lanka kumtazama binti yangu, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Peradeniya, karibu na mji wa Kandy. Jirani yake, mama mmoja Mbuddha, mwalimu mstaafu kama mimi, alinipokea kwa ukarimu mwingi. Jioni moja alitualika twende naye kwenye Hekalu la Jino, ambamo, kwa imani yao, limehifadhiwa jino la Buddha mwenyewe.

Tulivua viatu mlangoni. Wengi walivaa nguo nyeupe. Ngoma zikalia, maana saa ya ibada ilikuwa imefika, nao watu wakapanda ngazi, maua mikononi. Yule mama alikuwa amenunua maua ya yungiyungi njiani. Tulipoikaribia meza ya sadaka alinipa ua moja, akaniashiria niliweke pamoja na yake.

Nilisimama na ua lile kama mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolijua. Nikilikataa, namwaibisha mwenyeji aliyenitendea wema. Nikiliweka, namtendea nini Bwana wangu?

Nilimkumbuka Naamani, ambaye habari zake zimo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Alimweleza Elisha kwamba ingempasa kuinama pamoja na bwana wake katika nyumba ya Rimoni, wala nabii hakumkemea. Lakini Naamani alikuwa chini ya mfalme. Mimi nilikuwa mgeni huru. Nilimkumbuka na Paulo kule Athene. Yeye alizitazama madhabahu zao kwa makini, akazungumza nao kwa adabu, ila hakutoa sadaka juu yake.

Kisha likanijia wazo lililonisaidia zaidi. Kwa yule mama, kuweka ua ni tendo la imani. Kama ningeliweka mimi nisiyeamini, ningesema uongo mbele ya Mungu, na mbele yake yeye pia. Je, ningefurahi mgeni wangu asiyeamini apige magoti altareni na kupokea Ushirika Mtakatifu ili tu asiniudhi? La, hasha. Ningependa aketi kwa adabu, kisha aniulize maswali.

Basi nilimrudishia ua kwa mikono miwili, nikamwambia taratibu, "Mwalimu, mimi ni Mkristo. Nitasimama hapa nawe kwa heshima." Hakukasirika. Aliliweka pamoja na yake.

Tulipotoka nilimwuliza maana ya maua yale. Alisema hawamwabudu Buddha kama Mungu Muumba. Ua hutolewa ili mtu akumbuke kwamba kama linavyonyauka, ndivyo na mwili wake utakavyonyauka.

Maneno hayo yalinichoma, maana miezi michache kabla ya safari nilikuwa nimemzika mke wangu, na kaburi lake tulilifunika kwa maua. Sisi nasi twajua kwamba ua hunyauka. Nabii Isaya ametufundisha. Lakini tunapoliweka kaburini twakiri na neno la pili: aliyelala atafufuliwa. Nilimweleza hayo, naye akanisikiliza hadi mwisho, kama nilivyomsikiliza yeye. Nadhani kama ningaliweka ua lile ili kumpendeza tu, mazungumzo yale yasingalikuwapo.

Wapo wanaodhani kwamba mbele ya ibada ya wengine Mkristo ana njia mbili tu: kuidharau, au kufanya kama wao ili mambo yawe shwari. Ipo ya tatu. Ni kusimama kwa heshima, kusikiliza, na kusema kweli juu ya imani yako bila ukali. Heshima tunaweza kumpa kila mtu. Ibada ni ya Mungu peke yake.

Lakini swali la Kandy limenifuata hadi nyumbani. Nilikataa kuweka ua kwa sababu sikuamini. Je, Jumapili tunapopeleka sadaka mbele na kunyosha mikono yetu altareni, sisi tunaamini tunalolitenda?