KAZI ISIYOTOLEWA SALAMU



Swali tunaloliweka mbele yenu leo ni dogo kwa kulitazama, lakini mizizi yake ni mirefu. Je, mtu akitumia ustadi wake katika kitu kisichouzwa wala kuliwa, amefanya jema au amefanya upuuzi? Na kazi njema hukamilika lini?

Sababu ya swali ni hii. Usagara, nje kidogo ya mji wa Mwanza, ni njia panda. Barabara moja yaenda Shinyanga, na nyingine yashika magharibi hadi Kigongo, palipokuwa na kivuko, na ambapo tangu Juni 2025 pana daraja la kilomita tatu lifikalo Busisi. Ng'ambo hiyo, kupita Sengerema na Geita, ndiko kwenye misitu ya miombo ambamo mninga ulikatwa tangu zamani. Hapo njia panda yuko fundi seremala mmoja ambaye chuo chetu kilimwagiza marufaa 12. Tulimpa malipo ya awali mwezi wa Rajabu, naye akaahidi kutukabidhi kabla ya Ramadhani. Ramadhani ikaingia, marufaa hayakuja, na watoto wakasoma misahafu ikiwa magotini. Nikaenda kwake nimejaa hasira.

Nikamkuta ameinamia ubao mpana kama sinia ya pilau.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba. Marufaa yako wapi?"

Akanyamaza. Nikatazama juu ya ule ubao, nikaona mahali pa kupasulia mbao pa zamani, pote, kwa udogo. Kila sentimita moja ilisimama mahali pa sentimita 20. Palikuwa na shimo, na juu yake boriti mbili zimelaliwa na gogo. Msumeno mrefu wa watu wawili, ambao kwa kweli hufika mita mbili, hapo ulikuwa sentimita 10, na meno yake yamechongwa moja moja. Palikuwa na shoka, minyororo, uzi wa kupigia mstari uliotiwa weusi wa betri kuukuu, na lori la Bedford la bati, limepakwa rangi kisha likachakazwa makusudi, lionekane limekula vumbi la miaka. Wallahi, sikuona kasoro.

Nikamwambia, "Mwanangu, umeacha haki za watu ukacheza?"

Akajibu, "Maalim, mzee wangu alikuwa mtu wa chini."

Asiyejua kazi ile aelewe. Kabla ya misumeno ya moto, gogo lilipasuliwa na watu wawili. Wa juu alisimama juu ya gogo akiongoza msumeno ufuate mstari. Wa chini alikuwa shimoni, akivuta, na kwa kuwa msumeno hukata ukishuka, uzito wa kazi ulikuwa wake. Unga wote wa mbao ulimwangukia usoni. Huyu mzee alifanya kazi hiyo mpaka macho yakaharibika, naye amefariki bila kuacha hata picha moja. Mwanawe alitaka paonekane mahali alipotoa jasho.

Akaniuliza, "Je, nimweke na yeye mle shimoni, sanamu ndogo?"

Nikamweleza kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A.) akasema riziki yake yatokana na kufanya sanamu. Ibn Abbas akamwonya, kisha akamfungulia mlango: akiwa hana budi, afanye miti na visivyo na roho. Basi gogo, shoka na lori vyote vimo katika ruhusa hiyo. Lakini mzee tumwachie Aliyemuumba. Akakubali, akamwaga unga wa mbao chini ya shimo, akauacha mpini wa chini wa msumeno umelika kwa kushikwa. Nami nikasema moyoni kwamba niliyeita jambo hili mchezo ndiye niliyekosea. Kumkumbuka mzazi kwa ukweli, pamoja na taabu yake, si upuuzi. Wala ustadi si upuuzi, kwani tumefundishwa kuwa Mwenyezi Mungu hupenda mja wake akifanya kazi aifanye vizuri. Na mafundi wa Matondoni, Lamu, waundao majahazi, huunda na vijahazi vidogo, wala hatujamwona mwenye akili akiwalaumu.

Kosa la fundi wetu lilikuwa kwingine. Nilimwuliza, "Kazi hii itakwisha lini?" Akasema, "Kila nikitaka kuimaliza naona pamepungua kitu." Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye maradhi. Tunamjua mtu anayerudia udhu mpaka jamaa ikampita. Yeye hudhani ni uchaji Mungu, ilhali ni wasiwasi. Katika madhehebu yetu ya Shafi salamu ni nguzo ya sala. Mwenye kurefusha kikao chake akakataa kutoa salamu, kwa kutamani sala iwe bora zaidi, hana sala. Ukamilifu si kuongeza bila mwisho. Ni kutimiza kinachotakiwa, kisha kutoa salamu na kuondoka.

Nikamwambia, "Huogopi kasoro, mwanangu. Unaogopa kwamba siku utakapoweka patasi chini utakuwa umemzika mzee mara ya pili." Akalia.

Basi hukumu yetu ilikuwa hii. Ahadi ni deni, na kuvunja ahadi ni katika alama za unafiki. Kwa hiyo marufaa kwanza, na mfano baada ya Isha. Tena, mfano ule hauwezi kumpelekea mzee hata punje ya thawabu. Kinachomfikia maiti ni sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na dua ya mtoto mwema. Mtoto asomaye juu ya rufaa lililotengenezwa vizuri huendeleza kheri. Mkono uliojifunza subira kwa meno ya msumeno wa sentimita 10 usishindwe kulainisha ubao wa mninga.

Marufaa 12 yalifika katika kumi la mwisho, na mawili kati yake alikataa malipo, akanuia thawabu zake zimfikie baba yake. Mfano nao ukamalizika Shawali. Upo kwake juu ya kabati, na shimo li tupu.

Tujiulize sote nyumbani mwetu: ni kazi gani tunayoishikilia kwa jina la uzuri, na nyuma yake kuna haki ya mtu inayongoja? Tuitimize haki hiyo, kisha tuitolee kazi yetu salamu.

Wabillahi tawfiq.