Kiesperanto na Swali la Usawa

Kiesperanto, lugha ya kubuni, yaani iliyotungwa kwa makusudi, kilitangazwa na L. L. Zamenhof mwaka 1887 kwa imani kwamba lugha isiyo ya taifa lolote ingewaweka watu sawa na kupunguza uhasama. Hata hivyo, kitabu chake cha msingi, Fundamento de Esperanto cha 1905, kinaeleza sarufi kwa Kifaransa, Kiingereza, Kijerumani, Kirusi na Kipolandi tu, hivyo mwanafunzi wa Kigali, Rwanda, anayekitegemea hulazimika kupitia lugha ya Ulaya (usawa wa ajabu huo!) ili aufikie usawa alioahidiwa. Hoja nzito zaidi dhidi ya imani ya Zamenhof ni ya 1994: katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini humo, wauaji na waliouawa walizungumza Kinyarwanda kilekile. Lugha moja, basi, haitoshi kuleta udugu. Kwa hiyo, kudai vitabu vya Kiesperanto vilivyoandikwa kwa Kinyarwanda ni dai la haki, wala si dawa ya chuki.