Fedha ya Kutafutiwa Kazi

Soma: Mathayo 20:1-16

Katika mfano wa Bwana wetu juu ya shamba la mizabibu, mwenye nyumba anatoka alfajiri kutafuta watenda kazi. Anatoka tena saa tatu, na saa sita, na saa tisa, na hata saa kumi na moja bado anatoka. Sisi wasemao Kiswahili twazielewa saa hizi pasipo kufasiriwa, kwa maana twahesabu kama watu wa nchi ile walivyohesabu, tangu jua kuchomoza. Twajua ya kuwa saa kumi na moja ni wakati wa ng'ombe kurudi zizini. Akawakuta watu wamesimama sokoni, akawauliza sababu ya kukaa kutwa bila kazi, nao wakamjibu ya kuwa hawakumpata mtu wa kuwaandika.

Wahubiri wengi hupita mahali hapa upesi, wakiikimbilia dinari na manung'uniko ya wale wa kwanza. Leo twataka kusimama kidogo pale sokoni pamoja na wale watu, kwa sababu soko lile limejaa hata sasa. Tena amezuka mtu ambaye mfano haumtaji: yule asimamaye kati ya mwenye shamba na mtenda kazi, akisema, "Nipe fedha, nami nitakutafutia kazi."

Mambo yake yajulikana katika sharika zetu, mjini na shamba. Kijana amemaliza masomo. Cheti anacho, kimetiwa katika mfuko wa nailoni kisilowe. Amezunguka maofisini mwaka mzima, na jioni aingiapo nyumbani hakuna amwulizaye neno, maana wote wamekwisha kulijua jibu. Ndipo apatapo habari ya wakala. Wengine wana chumba chenye meza na muhuri. Wengine hawana chumba, wana namba ya simu tu. Kwanza huombwa fedha kidogo ya fomu. Halafu fedha ya kufungua jalada. Halafu ya kupimwa afya, halafu ya mafunzo, halafu ya sare, na kama kazi yasemwa iko ng'ambo, ya paspoti na ya tiketi. Kila malipo yaonekana madogo kuliko hasara ya kuacha njiani, kwa hiyo mtu huendelea kulipa. Mama ameuza mbuzi, mjomba amekopa katika chama cha akiba. Kisha siku moja simu haipokelewi.

Tusiseme ya kuwa wote ni wezi wa namna hiyo. Wako wengine ambao askari asingepata la kuwashika. Huyu huandika barua za maombi na wasifu wa mwombaji, hupeleka majina, hutoa orodha ya nafasi za kazi. Mteja akiitazama orodha ile kwa utulivu aona ya kuwa imenakiliwa gazetini, na nafasi nyingine zimekwisha kufungwa. Amelipa, tena amepewa kitu, basi hawezi kushtaki. Lakini kile alichokusudia kukinunua, yaani kazi, hakikuwamo katika duka lile tangu mwanzo.

Watu huuliza, "Mbona fulani alilipa, naye akapata?" Ni swali zuri, wala tusilidharau. Na tufanye hesabu. Wakala awatoze watu mia moja shilingi 20,000 kila mmoja. Amekwisha kupata shilingi 2,000,000. Sasa ayapeleke majina yao yote mahali penye nafasi moja. Lazima mmoja ataandikwa, na pengine angeandikwa hata kama asingemjua wakala. Huyo mmoja atazungushwa mtaani kama shahidi, na habari yake itavuta mia wengine. Wale 99 hawatazungushwa. Wamekaa kwao kimya, kwa sababu waona haya.

Hapo ndipo ilipo shina ya neno lenyewe. Wakala alipwaye na mwenye kazi ana sababu ya kuchagua vizuri, maana akimleta mtu asiyefaa hataitwa tena. Lakini alipwaye na mtafuta kazi, tena alipwaye mbele, amekwisha kula mavuno kabla hajalima. Faida yake hutoka kwa wale ambao bado wanatafuta. Siku wote watakapopata kazi, yeye atafunga mlango. Twaweza kumwita mtu mwema, twaweza hata kumwona kanisani, walakini biashara yake imejengwa juu ya shida isiyokwisha.

Wala mambo haya hayakuanza kwetu. Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika jimbo la Washington huko Marekani, wakata miti na wajenzi wa reli walilazimika kununua kazi kwa mawakala wa mjini. Ilionekana ya kuwa baadhi ya mawakala waligawana ada na wasimamizi: msimamizi huwafukuza watu baada ya siku chache, wakala huwauzia wengine nafasi zile zile, hata ikawa kikosi kimoja kiko njiani kuja, kimoja kiko kazini, na kimoja kiko njiani kurudi. Mwaka 1914 wananchi wa jimbo lile walipiga kura kukataza kumtoza mtafuta kazi ada. Mahakama Kuu ya Marekani ikaitangua sheria hiyo mwaka 1917, majaji watano kwa wanne. Mmoja wa wale wanne, jaji Louis Brandeis, aliyaandika maovu yale waziwazi: ada iliyotolewa kwa kazi isiyokuwapo, watu waliotumwa mbali wakakuta hapana kitu.

Miaka miwili baadaye, 1919, Shirika la Kazi Duniani lilianzishwa, na katika mapendekezo yake ya kwanza kabisa likazishauri nchi zikataze mawakala wa kazi watozao ada. Likafanya mkataba juu ya neno hilo mwaka 1933, na katika mkataba wa 1997, kifungu cha 7, likasema ya kuwa wakala asimtoze mfanya kazi ada wala gharama, kwa wazi wala kwa kificho, isipokuwa serikali ikiruhusu kwa sababu maalum. Kwa hiyo mtu akikuambia ya kuwa kulipa ni desturi ya ulimwengu wote, mjibu ya kuwa ulimwengu umebishana naye zaidi ya miaka mia.

Hapa Tanzania iko sheria ya huduma za ajira ya mwaka 1999, nayo yataka wakala awe na leseni. Na kwa kazi za serikali, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupokea maombi bila malipo, tena mara kwa mara imewaonya watu juu ya matapeli watumiao jina lake. Mtu akisema ana ndugu ndani ya ofisi ile atakayepitisha jina lako kwa laki mbili, basi ama anasema uongo, ama anasema kweli nawe unanunua rushwa. Katika njia hizo mbili hakuna iliyo nyofu.

Sasa twarudi katika mafundisho yetu wenyewe. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Dk. Martin Luther alipofafanua amri ya saba hakuishia kwa mwizi wa usiku avunjaye mlango. Alitaja pia mali ipatikanayo kwa bidhaa ya uongo na kwa biashara ya hila. Na katika Katekisimo Kubwa ya mwaka ule ule alieleza kwa urefu ya kuwa wezi wengi huketi mchana kweupe, sokoni na dukani, nao hupewa heshima. Mwalimu afundishaye watoto wa kipaimara aifafanue amri hii kwa mifano ya leo. Watoto wakidhani "Usiibe" yahusu kuku na maembe tu, watakuwa wakubwa pasipo kumtambua mwizi mwenye muhuri.

Nasi Walutheri yatupasa kuukumbuka muhuri. Zaidi ya miaka sitini kabla ya Luther kuandika hoja zake 95 za mwaka 1517, Gutenberg alikuwa amekwisha kupiga chapa barua za msamaha, karatasi zenye nafasi tupu ya kuandikia jina la mnunuzi. Fomu ile ililipiwa, jina likajazwa, mtu akarudi nyumbani na karatasi. Luther aliuliza kama muuzaji anacho kweli kile anachokiuza. Hatusemi ya kuwa wakala wa kazi ni sawa na muuza msamaha, maana roho na tumbo si kitu kimoja. Lakini swali lile lafaa sana kuulizwa mezani kwake: Je, kazi hii unayo? Ya nani? Iko wapi? Naweza kumwona mwenyewe kabla sijatoa senti?

Wako Wakristo wanaosema ya kuwa walioibiwa ni wajinga na wenye tamaa, waache wajifunze. Hatukubali. Mkulima apandaye mbegu si mjinga mvua ikikataa. Kijana huyu alitaka kula kwa jasho lake, na hilo ni agizo la Mungu. Aliyemtega alichagua mahali pale pale penye wema wake. Tena kulipa kuna nguvu yake ya siri. Mtu aliyengoja miezi kumi bila kufanya lo lote huona ya kuwa kwa kulipa amefanya neno, naye hulala usingizi usiku ule. Hiyo ndiyo bidhaa iliyouzwa hasa: usiku mmoja wa usingizi, na asubuhi ya kuwaambia wazazi, "Nimeahidiwa."

Neno kwenu, wazee wa kanisa na wainjilisti. Mawakala wapenda kuja kwetu, kwa sababu watu hutuamini. Mmoja huomba nafasi ndogo wakati wa matangazo. Mwingine huomba majina ya vijana wa kwaya. Asipewe nafasi hata akiwa na tai nzuri, mpaka leseni yake imeulizwa katika ofisi ya kazi mkoani, na mwenye kazi amejulikana. Tangazo likisomwa mbele ya madhabahu, mama wa kijijini haliiti tena la wakala. Aliita la kanisa, naye huuza mbuzi kwa imani hiyo.

Na barua za kumshuhudia mtu tabia yake, zile ambazo vijana huzihitaji waombapo kazi, ziandikwe bure. Twajua ya kuwa katika mahali pengine mwandishi hungoja kwanza "asante." Mkumbukeni Gehazi. Elisha hakutaka kitu kwa Naamani, lakini mtumishi wake alimkimbilia yule Mshami njiani na hadithi ya uongo, akapata talanta mbili za fedha na mavazi; akarudi nazo pamoja na ukoma. Alikitoza fedha kile ambacho bwana wake alikwisha kukitoa bure.

Lakini amri ya saba ina upande wa pili, nao hupendwa kusahauliwa. Katekisimo yasema pia ya kuwa yatupasa kumsaidia jirani aitunze mali yake na riziki yake, naye aiongeze. Haitoshi kutomwibia mtu asiye na kazi. Na hapa usharika una utajiri ambao wakala hana. Katika kanisa moja Jumapili moja huketi fundi seremala, mwuguzi, mwenye duka, dereva wa lori, mwalimu mkuu, karani wa halmashauri, na mama mwenye mgahawa. Kila mmoja wao ajua mahali patakapohitaji mtu mwezi ujao. Wakala akiyajua hayo angeyauza. Sisi twayajua na kunyamaza, si kwa ubaya, ila kwa kuwa hapana aliyetuuliza.

Basi na liwepo daftari moja kwa katibu wa usharika. Upande mmoja yaandikwe majina ya watafutao kazi na ujuzi wao. Upande wa pili, nafasi ambazo Wakristo wamezisikia. Karani aliyestaafu asaidie kuandika barua za maombi Jumamosi asubuhi. Fundi amchukue mmoja ajifunze. Ibada ikiisha, nafasi zisomwe, hata kama ni moja, hata kama ni ya kufagia. Hatuahidi ya kuwa kila mtu atapata. Daftari haliumbi kazi, na nchi yenye vijana wengi na nafasi chache haitaponywa na kalamu ya katibu. Ila yule asiyepata atakuwa hajapoteza mbuzi.

Kwa habari ya wale waliokwisha kuibiwa: waje. Watunze stakabadhi, na zile jumbe za simu zenye kuonyesha malipo wasizifute, maana huo ndio ushahidi wao polisi na ofisi ya kazi. Mzee mmoja aende pamoja nao, kwa sababu kijana aliyeaibika akienda peke yake hukatwa neno mlangoni. Na wenye kwenda pamoja nao wasianze na maonyo. Mwenye shamba alipowakuta wale watu saa kumi na moja hakuwauliza walikuwa wapi alfajiri, wala hakuwahesabia walichopoteza. Aliwaambia waende shambani, na jua lilikuwa limebakiza saa moja. Jioni, msimamizi alipowaita watu walipwe, aliamriwa kuanza na hao.