Nani Atailisha Hamira?

Hamira ninayoisema hapa siyo ya maandazi. Ya maandazi ukiipa sukari inaumua unga, kazi yake imekwisha. Hii nyingine, kwa mfano ile iitwayo kwa Kilatini Yarrowia lipolytica, ukiipa sukari inanenepa. Ndiyo, inanenepa kama bwana mkubwa! Wataalamu huihesabu kuwa hamira ya mafuta pale mafuta yanapozidi asilimia 20 ya uzito wake mkavu, na zipo aina zinazopita 60. Unayakamua, unayachanganya na methanoli na kostiki kidogo, unapata dizeli ya kutia kwenye lori, na gliserini inabaki chini.

Sasa sikilizeni inavyonenepeshwa. Unaimwagia sukari tele, halafu unaibania naitrojeni. Bila naitrojeni haijengi protini, haizaani, basi sukari inayoingia inageuzwa mafuta ya akiba, ikingojea siku njema ambazo hazitafika. Kiumbe ananenepa kwa sababu amenyimwa. Mshairi angeishia hapo akapigiwa makofi, lakini mimi nataka tufike kwenye hesabu.

Hata mambo yakienda sawa kabisa, gramu 100 za glukosi hazitoi mafuta zaidi ya gramu 33 hivi. Ukipata 20 umefanya kazi nzuri. Yaani kilo tano za sukari kwa kilo moja ya mafuta! Haya, ziweke kilo hizo tano mezani kwa mama ambaye wanawe wanakunywa uji mweupe, umwambie hizi ni za lori.

Wanaoitetea hamira wanasema haitaki shamba, inakua ndani ya mapipa ya chuma. Nawaelewa, maana mashamba tumeyaona. Kisarawe kampuni moja ya Kiingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za kupanda mbono; mwaka 2011 mradi ukaanguka, ajira zikapotea, wanakijiji wakabaki kuitazama ardhi waliyoitoa. Na mwaka 2007 Jean Ziegler, aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa wa haki ya chakula, aliita kugeuza chakula kuwa mafuta ya magari uhalifu dhidi ya binadamu. Sawa. Ila sukari ya kwenye pipa inatoka wapi?

"Kwenye taka," wanajibu. Mabua, makapi ya miwa, molasi.

Hapo ndipo ninapowakatalia. Taka za nani, jamani? Mabua ya mahindi ni chakula cha ng'ombe wa mtu, na kwingine ndiyo kuni. Makapi ya miwa yanachomwa kwenye boila za kiwanda kilekile kilichoyakamua. Molasi analishwa ng'ombe wa maziwa. Anayekiita kitu taka mara nyingi ni yule asiyekihitaji, na huyo ndiye anayepewa kipaza sauti mkutanoni.

Mtu ataniuliza: na dizeli ya kisimani je, hiyo hainyang'anyi? Inanyang'anya, tena vibaya. Daladala linanipeleka mjini kwa shilingi mia kadhaa, moshi wake unalipiwa na mfugaji ambaye mvua zimemkimbia na ambaye hajawahi kulipanda. Kwa hiyo kukunja mikono na kusema tubaki tulivyo nako ni kuchagua, tunachagua nani aumie.

Msimamo wangu ni kwamba hamira ile kile ambacho hakuna anayekipangia foleni. Ile gliserini chafu, kwa mfano, yenye mabaki ya methanoli na chumvi, si ya kupaka midomoni wala si ya ng'ombe, Yarrowia anaila. Tatizo ni uchache. Kwa kila kilo kumi za dizeli ya aina hii unapata gliserini kilo moja tu hivi, na wala haigeuki yote kuwa mafuta. Magari yote hayatatembea kwa hiyo.

Basi itabidi tuchague magari. Lori la dawa linalokwenda Liwale, au msafara wa mheshimiwa? Trekta, au basi letu sisi tunaokwenda mjini kutafuta wachapishaji? Mimi ningeanza na lori la dawa. Wewe je?