Mwenye macho naye aambiwe tazama

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Ndugu msomaji, mimi nimeambiwa, na aliyeniambia haoni.

Nilikuwa Buigiri, wilayani Chamwino, kijiji cha kandokando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro ambacho wengi wanakifahamu kwa shule yake ya watoto wasioona. Baada ya swala ya Alasiri nilikaa barazani mwa msikiti na mzee mmoja asiyeona. Mkononi alikuwa na simu inayosema: kidole kikigusa maandishi, programu inayasoma kwa sauti. Mimi nilikuwa naperuzi video fupi fupi.

"Mwanangu," akaniambia, "nasikia simu yako inabadili maneno kila baada ya muda mfupi. Wewe upuuzi unauruka kwa jicho. Mimi mpaka niusikilize ndipo nijue kuwa ni upuuzi. Basi nikaona bora niuzuie mlangoni."

Akanieleza alivyofanya. Kurasa za matusi ameacha kuzifuata. Video asizozitaka huiambia programu kuwa hapendezwi nazo. Makundi ya porojo ameyatoka. Amebakiza darsa, habari za nchi na bei za mazao.

Maneno yale yalinichoma kwa sababu nilikuwa na deni. Kuna wakati nilipenda mno kufuatilia majibizano ya masheikh, mpaka simu yangu ikawa haina ila hayo. Siku moja ikaniletea kipande cha sekunde chache cha darsa la imamu mmoja wa mtaani kwetu, akitamka neno zito. Nikalisambaza. Kumbe alikuwa anaeleza hoja ya watu wengine ili aijibu, na jibu lake lilikatwa. Baadhi ya wazazi wakawaondoa watoto wao madrasa. Nilikwenda kumwomba radhi, akanisamehe. Lakini watoto wale hawakurudi wote.

Ndugu zangu Waislamu, mitandao hii haingoji tuseme tunapenda nini. Inahesabu video uliyoitazama mpaka mwisho, uliyoirudia, uliyoitolea maoni na uliyomtumia mwenzako. Ukisimama kwenye ugomvi, hata kwa kuuchukia, inahesabu kuwa ugomvi unakuvuta, ikuletee mwingine. Kwa hiyo kuchujiwa tunachujiwa kila siku. Suala ni nani ameshika chujio, sisi au mashine.

Mwenyezi Mungu (SW) ametukataza kuyafuata tusiyo na ujuzi nayo, akatutahadharisha kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa (17:36). Na katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kusimulia kila tunachokisikia kunatosha kumwingiza mtu katika uwongo. Siku hizi kusimulia ni kubonyeza kidole mara moja.

Hata hivyo, tuwe waangalifu. Kuchuja si kumfukuza kila anayetuudhi. Akina mama wa Ugogo wanapopepeta uwele, upepo huchukua makapi, lakini macho hayatoki kwenye ungo, isije punje nayo ikapotea. Wapo miongoni mwetu wanaovumilia wachekeshaji wa kila aina, lakini ndugu anayewakumbusha swala au deni wanamzimia sauti. Huyo amemwaga uwele akabaki na makapi.

Tukumbuke Suratu Abasa (80:1-10). Abdullah bin Ummi Maktum (RA), naye asiyeona, alimjia Mtume (SAW) akitaka kufundishwa, wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Kiquraishi kwa matumaini kwamba watasilimu. Wahyi ukashuka kumkumbusha kuwa aliyekuja kwa bidii na hofu ya Mungu ndiye aliyestahiki kusikilizwa, kuliko wale waliojiona wamejitosheleza. Mtume alikuwa na nia njema kabisa, na bado alikumbushwa. Sembuse sisi, tunaowapa wagomvi saa nzima huku mama mzazi anasubiri simu yetu?

Basi leo usiku, kabla ya kulala, tufungue simu zetu tupitie tunaowafuata, mmoja baada ya mwingine. Kwa kila mmoja tujiulize: nikiulizwa kesho kuhusu masikio yangu na huyu, nitajibu nini? Asiye na jibu tumwache. Mwenye kutuambia ukweli tumbakize, japo anauma. Na kipande kilichokatwa tusikitume kwa mtu mpaka tusikilize darsa zima. Hilo la mwisho najiusia mimi kwanza.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki utuwezeshe kuifuata, na utulindie macho, masikio na nyoyo zetu. Amin.